Nuhusi ya Jumatano: Kisa Kilivyogeuzwa Kalenda

Aghalabu imani ya siku mbaya huelezwa kuwa ni masalio ya mila za jadi ambayo Uislamu haukufaulu kuyafuta. Katika upwa wa Waswahili, ushahidi wa lugha hauafikiani na maelezo hayo. Neno nuhusi lenyewe ni la Kiarabu, na mzizi wake umo katika Kurani. Sura ya 54, aya ya 19, inasimulia upepo uliopelekewa kaumu ya Adi katika siku ya nuhusi, na baadhi ya wafasiri waliitaja siku hiyo kuwa Jumatano. Hapo ndipo kisa kilipogeuzwa kalenda. Sifa ya tukio moja ilihamishiwa siku inayorudi kila juma, na Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Safar, yaani Mfunguo Tano, ikahofiwa kuliko zote, hata huko Java.

Usomaji huo una kasoro. Sura ya 69, aya ya 7, yasema kwamba upepo ule ulivuma usiku saba na siku nane. Ikiwa maangamizi ndiyo yanayoifanya siku iwe ya nuhusi, basi hakuna siku ya juma inayosalimika. Isitoshe, Hadithi iliyopokewa na Bukhari inakanusha itikadi ya mkosi na kulitaja neno safar, ambalo baadhi ya wafasiri walilielewa kuwa ni mwezi huo. Neno la mkosi katika Hadithi hiyo, tiyara, lina asili moja na neno la Kiarabu la ndege. Waswahili nao husema ndege mbaya.

Kwa nini basi imani hiyo ilidumu? Jibu limo katika elimu ya falaki. Mwalimu mwenye vitabu vya nyota ndiye aliyeulizwa siku ya kutweka tanga, ya kuoa au ya kuanza kujenga. Nuhusi, kwa hiyo, haikuwa ujinga wa wasiosoma. Ilikuwa tawi la usomi wenyewe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) wa Mombasa, aliyepinga bidaa katika magazeti yake Sahifa (1930) na Al-Islah (1932), alikabili mazoea yaliyokuwa na vitabu na walimu wake.

Mhakiki anayekutana na mhusika aahirishaye safari kwa kuogopa Jumatano hana budi kulizingatia hilo. Mhusika huyo hajaikataa matini. Ameirithi tafsiri yake.