Kitambaa kisichofumwa cha poliesta

*nomino, ngeli ya KI-VI. Wingi: vitambaa visivyofumwa vya poliesta*

Kitambaa kinachotengenezwa kwa kutandaza nyuzi za poliesta tabaka juu ya tabaka, kisha kuzishikamanisha, aghalabu kwa joto na mgandamizo. Hakina mtande wala mshindio.

Matumizi. Huchukua nafasi ya karatasi penye unyevu, kwa kuwa hakilainiki kwa maji wala hakichaniki upesi. Na nafasi ya utando wa plastiki panapotakiwa hewa ipenye, kwa sababu kati ya nyuzi mna matundu madogo. *Mfano:* Lebo za miche zichapishwe kwenye kitambaa kisichofumwa cha poliesta, si kwenye karatasi.

Angalizo. *Kisichofumwa* hueleza namna ya kutengeneza, si malighafi. Mfasiri akiandika "kitambaa kisichofumwa" pekee, msomaji aweza kudhani ni pamba, ilhali poliesta ya kawaida ni plastiki ya aina ileile ya chupa za maji. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, mifuko isiyofumwa ilienea kwa jina la "mifuko mbadala". Mingi ni ya polipropilini, nayo pia ni plastiki. Malighafi itajwe daima.

Yasichanganywe. *Kisichoshonwa* ni kosa: kushona ni kuunganisha kwa sindano na uzi. *Filamu* kwa maana ya utando hupotosha. Wengi hufikiria sinema.