Harrods: Jina la familia lililouzwa pamoja na duka

Na Mwandishi Wetu

HARRODS, duka kubwa la kifahari lililopo Barabara ya Brompton, eneo la Knightsbridge jijini London, linajulikana duniani kote kwa jina la familia iliyolianzisha, ingawa familia hiyo iliacha kulimiliki tangu mwaka 1889.

Tangu wakati huo duka hilo limepita mikononi mwa wanahisa, kampuni kubwa ya maduka, ndugu wenye asili ya Misri na hatimaye mfuko wa uwekezaji wa Serikali ya Qatar. Kila aliyelinunua alilipia jengo na bidhaa, lakini alilipia pia jina, yaani imani ya wateja. Imani hiyo ndiyo iliyotiwa mashakani mwaka 2024.

Mwanzilishi, Charles Henry Harrod, alizaliwa mwaka 1799. Alianza biashara ya vitambaa mwaka 1824 katika eneo la Southwark, kusini mwa Mto Thames. Miaka 10 baadaye alifungua duka la vyakula Stepney, mashariki mwa London, akitilia mkazo biashara ya chai.

Mwaka 1849 alihamia katika duka dogo Knightsbridge. Miaka miwili baadaye maonesho makubwa ya kimataifa yalifanyika Hyde Park, jirani na hapo, na eneo hilo likazidi kuvutia watu wenye uwezo.

Aliyelikuza duka hilo ni mwanawe, Charles Digby Harrod, aliyelichukua katika miaka ya 1860. Aliongeza dawa, manukato, vifaa vya kuandikia, matunda na mboga. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikuwa na wafanyakazi wapatao 100.

Mtihani mkubwa ulimfika Desemba 1883, wakati moto ulipoteketeza duka lote zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya Krismasi. Digby aliwaandikia wateja kuwaarifu kuwa mizigo yao ingechelewa kidogo, kisha akatimiza oda zote. Mauzo ya msimu huo yalimpatia faida kubwa, na jengo jipya likainuka mahali pale pale.

Mwaka 1885 alianza kutoa bidhaa kwa mkopo kwa wateja wachache aliowaamini, miongoni mwao mwandishi Oscar Wilde na waigizaji Lillie Langtry na Ellen Terry.

Mwaka 1889 Digby aliuza biashara hiyo, ikawa kampuni ya hisa. Familia ikaondoka, jina likabaki.

Kuanzia mwaka 1891 usimamizi ulishikwa na Richard Burbidge, ambaye alifuatiwa na mwanawe Woodman na mjukuu wake Richard, hadi mwaka 1959.

Ni chini ya Burbidge wa kwanza ambapo, Novemba 1898, Harrods ilizindua ngazi ya kwanza nchini Uingereza iliyojiendesha kwa mashine. Wateja waliofika juu wakiwa na hofu walipewa brandi ili watulie. Jengo linaloonekana leo, lenye kuba na kuta za vigae vya udongo wa kuchoma, lilisanifiwa na Charles William Stephens na kukamilika mwaka 1905.

Kaulimbiu ya duka hilo, iliyoandikwa kwa Kilatini, ina maana ya kila kitu, kwa watu wote, kila mahali. Haikuwa maneno matupu, kwani liliuza hata wanyama wa porini. Mwaka 1969 vijana wawili kutoka Australia, John Rendall na Anthony Bourke, walinunua hapo mwana-simba waliyempa jina la Christian. Baadaye alisafirishwa hadi Kora nchini Kenya, ambako George Adamson alimzoesha maisha ya porini. Sheria ya kulinda viumbe walio hatarini kutoweka ya mwaka 1976 ilikomesha biashara hiyo.

Mwaka 1959 Harrods ilinunuliwa na kampuni ya House of Fraser. Desemba 17, 1983 bomu la Jeshi la Jamhuri ya Ireland (IRA) lililotegwa ndani ya gari lililipuka nje ya duka hilo, likaua watu sita, wakiwamo polisi watatu, na kujeruhi wengine wapatao 90.

Mwaka 1985 Mohamed Al-Fayed na ndugu zake waliinunua House of Fraser kwa pauni milioni 615, hatua iliyomkasirisha Tiny Rowland wa kampuni ya Lonrho, iliyokuwa na migodi, mashamba na magazeti barani Afrika, likiwamo The Standard la Kenya. Rowland mwenyewe alikuwa ameitamani Harrods kwa muda mrefu.

Ripoti ya wakaguzi wa Serikali ya Uingereza iliyotolewa mwaka 1990 ilieleza kuwa ndugu hao walidanganya kuhusu asili na utajiri wao. Hata hivyo, hawakunyang'anywa duka hilo. Mei 2010 Al-Fayed aliliuza kwa Qatar kwa kiasi kilichotajwa kuwa pauni bilioni 1.5.

Al-Fayed alifariki dunia Agosti 2023. Septemba 2024 Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) lilirusha filamu ambamo zaidi ya wanawake 20 waliowahi kufanya kazi Harrods walimtuhumu kwa unyanyasaji wa kingono, baadhi yao ubakaji. Enzi za uhai wake alikanusha tuhuma za aina hiyo na hakuwahi kufikishwa mahakamani.

Harrods iliomba radhi na kukiri kuwa iliwaangusha wafanyakazi hao. Machi 2025 ilifungua mpango wa fidia kwa walioathirika.

Hivyo mmiliki wa sasa amejikuta akibeba deni la mmiliki aliyemtangulia. Mwaka 1883 Digby Harrod alilinda jina lake kwa kufikisha mizigo ya wateja baada ya moto. Safari hii wanaosubiri kutimiziwa haki yao si wateja, bali wanawake waliowahudumia wateja hao.