Mtoto haumwi, dawa ya majaribio ya nini?

Mpwa wangu anayeishi Ayany, Kibera, aliombwa mwanawe wa miezi minane aingie kwenye utafiti wa chanjo. Akanipigia: "Mjomba, mtoto haumwi kitu. Sasa wanamtibu nini?"

Uzito wote uko hapo. Mtoto mgonjwa akipewa dawa mpya, angalau ana la kutarajia. Mzima hana cha kuponywa. Hatari anaibeba yeye, na faida huenda ikawafikia watoto wa wengine baada ya miaka. Na mtoto kwetu ni amana. Si mali ya wazazi wake, seuze ya mtafiti.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema watoto wasiguswe kabisa. Dawa iliyopimwa kwa watu wazima tu, kwa mtoto ni kukisia. Vichanga wa Marekani walipewa kloramfenikoli, na mwaka 1959 madaktari wakaeleza yaliyowapata: ini changa lilishindwa kuitoa mwilini, ngozi ikageuka kijivu, wengine wakafa. Chanjo nayo kazi yake ni kuzuia, kwa hiyo lazima ijaribiwe kwa asiyeumwa. Ndiyo maana watu wazima hutangulia, kisha watoto wakubwa, wachanga mwisho.

Sisi Pwani tumeyaona. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika. Kilifi ilikuwemo, pamoja na Siaya, Kombewa, na ng'ambo ya mpaka Bagamoyo na Korogwe. Nani apate chanjo iliamuliwa kwa kura. Ambao kura haikuwaangukia hawakuchomwa maji matupu: wakubwa kidogo walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, wachanga zaidi ya homa ya uti wa mgongo, ili nao waondoke na kinga fulani. Huo naona ni uungwana.

Matokeo yalikuwa ya wastani. Waliopata dozi nne wakiwa wameanza na miezi 5 hadi 17, malaria ilipungua kwa asilimia 36 hivi. Lakini homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa. Mwaka 2019 chanjo ikaanza kutolewa kwa majaribio Malawi, Ghana na upande wetu wa ziwani, na ufuatiliaji mpana haukuithibitisha hofu hiyo. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Ila hapo katikati mama aliyemleta mtoto kliniki alihesabiwa kuwa amekubali, kama chanjo ya kawaida. Wapo waliolalamika, nami niko upande wao. Kuja kliniki si ridhaa.

Kibera kuna mtihani mwingine. Kwa miaka mingi KEMRI na wenzao wa CDC wamefuatilia magonjwa katika nyumba za Gatwekera, na walioandikishwa wametibiwa bure zahanati ya Tabitha. Huo si utafiti wa kujaribu dawa, na matibabu hayo ni haki yao. Lakini fikiria mama asiye na pesa ya kliniki akiahidiwa hayo hayo kwa ajili ya dawa mpya. Atasemaje hapana? Watafiti wa Kilifi wenyewe wameandika kwamba wazazi wengi hawakutofautisha utafiti na matibabu. Wengine, damu ikichukuliwa, waliwaza mumiani.

Kwa hiyo mzazi aichukue fomu nyumbani, akae nayo siku mbili tatu. Aulize kama Bodi ya Famasia na Sumu na kamati ya maadili zimeidhinisha. Damu kiasi gani, mara ngapi? Mtoto akidhurika, nani atalipa, na kwa bima ipi? Kama jibu ni "usijali", asitie sahihi. Mtoto anayejielewa naye aulizwe.

Na aliyetia sahihi Jumatatu anaweza kumtoa mwanawe Jumanne bila kueleza sababu, na matibabu yake ya kawaida hayakatizwi. Kama ameshachomwa, ni busara aendelee kupelekwa kuangaliwa afya.