Muraguri: Msanii anayehifadhi lugha ya matatu

Abiria wengi wa Nairobi huyasoma maandishi ya matatu wakisubiri gari, kisha wakayasahau. Kwa mchoraji na mchongaji Dennis Muraguri, maandishi hayo ni malighafi ya sanaa.

Muraguri alizaliwa Naivasha mwaka wa 1980. Alisomea katika Taasisi ya Sanaa ya Buruburu, iliyoko Eastlands, eneo la Nairobi linalotajwa na wanaisimu wengi kuwa chimbuko la Sheng.

Anafahamika hasa kwa picha kubwa za matatu zinazochapwa kwa ubao. Katika ufundi huu, msanii huchonga mchoro kwenye ubao, akaupaka wino, kisha akakandamiza karatasi juu yake. Kwa kuwa karatasi hupokea taswira iliyogeuzwa, kila herufi sharti ichongwe kinyumenyume ndipo neno lisomeke sawasawa.

Lugha ya matatu ina kanuni zake. Gari lililorembwa likapendeza huitwa nganya. Neno mbao, ambalo katika Kiswahili sanifu ni vipande vya mti, kwa makanga ni Sh20, nayo soo ni Sh100. Hata jina matatu, yaelezwa, lilitokana na nauli ya zamani ya senti 30, yaani sarafu tatu za senti 10.

Walimu wa Kiswahili wamelalamika kwa miaka mingi kwamba Sheng huwaponza wanafunzi katika insha. Malalamiko hayo yana msingi, kwani mtahiniwa hupimwa kwa lugha sanifu. Hata hivyo, kuikosoa Sheng darasani hakuzuii kuihifadhi kama ushahidi wa maisha ya watu.

Ushahidi huo hupotea upesi. Kanuni za uchukuzi za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, matatu zilitakiwa kuwa na mstari wa manjano, mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na michoro mingi ikafutwa. Ingawa michoro ilirejea baadaye, wenye magari hupaka rangi upya kila mtindo unapobadilika, nayo Sheng hubadili msamiati vivyo hivyo.

Gari likishapakwa rangi upya, jina lake la awali halisomeki tena barabarani. Lililochapwa kwenye karatasi husalia, na vizazi vijavyo vitaweza kuona jinsi wakazi wa Nairobi walivyosafiri na walivyozungumza.