Nyumba yako inahitaji intaneti ya kasi gani?

Wasikilizaji wengi hutuuliza walipie intaneti ya kasi gani nyumbani. Kwanza tutenganishe mambo mawili. GB ni ujazo wa bando, kama maji ya kwenye pipa. Mbps ni kasi, yaani unene wa bomba. Bomba nene halikuongezei maji. Tena hulimaliza pipa mapema.

Hesabu wanaotumia kwa wakati mmoja, hasa jioni. Video ya kawaida hutaka Mbps 3 hivi, ya HD 5. Simu ya sauti ya WhatsApp haifiki hata 1. Basi mtoto akifuatilia somo la video na baba akitazama mpira, Mbps 10 zinatosha. Kulipia 50 kwa simu mbili ni kutupa hela ya mbolea.

Tangazo likisema “hadi Mbps 20”, liangalie vizuri hilo neno “hadi”. Na Mbps 8 hupakua MB 1 tu kwa sekunde, si 8.

Kabla ya kulipia mwezi mzima, nunua bando la siku moja la mtandao huohuo, ulijaribu saa mbili usiku wote mkiwa nyumbani. Mnara ukiwa mbali au umeelemewa, kifurushi kikubwa hakitakusaidia.