Uzimuaji Mfululizo

Maziwa yaliyolala nje usiku kucha yanaweza kuwa na mamilioni ya bakteria katika kila mililita. Hadubini itawaonyesha, lakini hai na wafu kwa pamoja. Anayetaka kujua walio hai huwazimua kwanza, kisha huwaotesha.

Kuzimua ni neno la jikoni: tui zito huzimuliwa kwa maji. Naliona bora kuliko “kupunguza makali”, kwani kinachopungua hapa ni msongamano. Huitwa mfululizo kwa kuwa kila hatua huchota kutoka iliyotangulia. Mililita 1 ya maziwa hutiwa katika neli yenye mililita 9 za maji ya chumvi yasiyo na vijidudu, ikatikiswa vizuri. Ncha ya pipeti hubadilishwa, maana mabaki yake huvuruga hesabu yote, kisha mililita 1 ya mchanganyiko huo huenda neli ya pili, na kuendelea. Neli ya tano ina sehemu 1 tu kati ya 100,000. Mililita 0.1 kutoka humo hupakwa juu ya agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria, katika sahani ya Petri, ikawekwa kwenye joto la nyuzi 30 kwa siku 3.

Yakiota makoloni 142, yaani vishada vya bakteria vinavyoonekana kwa macho, basi mililita moja ya maziwa ilikuwa na milioni 142. Sahani inayoaminika ni yenye makoloni 30 hadi 300. Yakizidi hubanana, yakipungua bahati ndiyo inayotawala.

Lakini milioni 142 za nini? Bakteria wa jamii ya streptokoki hushikana kama mnyororo, na mnyororo mzima huzaa koloni moja. Wengine hawaoti kabisa kwenye agari hiyo. Ndiyo maana kipimo huitwa kizio cha kuunda koloni.

Hesabu hii imelinda watu. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 Hamburg, Ujerumani, huku mji jirani wa Altona, uliochuja maji ya mto uleule kwa mchanga, ukinusurika kwa kiasi kikubwa. Mtaalamu wa bakteria Robert Koch akashikilia kwamba maji yaliyochujwa yasifikishe vijidudu 100 kwa mililita.

Waandishi wa ripoti za maji na maziwa, andikeni “vizio vya kuunda koloni kwa mililita”. Mkiandika “bakteria” peke yake, mnadai kuhesabu msichokihesabu.