Ukoo wa Fairfax: Ndoa, Hati na Ardhi

Mwenyeji wa Mombasa au Malindi aliyehamia Herndon, katika jimbo la Virginia, anaponunua nyumba, hati yake husajiliwa katika Kaunti ya Fairfax. Jina hilo ni la ukoo wa makabaila wa Kiingereza, na jinsi ulivyopanda ngazi ni habari inayotuhusu sisi tuliotoka kwenye mwambao ambako ardhi imeliza wengi.

Katika zama za kati, akina Fairfax walikuwa mabwana wa daraja la chini huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Waliinuka kwa sheria na ndoa. Karne ya 15, Guy Fairfax alifikia kuwa jaji wa mahakama ya mfalme. Mwaka 1518 mjukuu wake, William, alimwoa Isabel Thwaites, mrithi wa mali aliyekuwa chini ya ulinzi wa watawa wa Nun Appleton. Mfalme Henry VIII alipozivunja nyumba za watawa, Nun Appleton yenyewe ikaangukia mikononi mwa ukoo huo. Mwaka 1627 wakapewa cheo cha Lord.

Upanga ulikuja baadaye. Mwaka 1645 Thomas, Lord wa tatu, aliliongoza jeshi la Bunge lililomshinda Mfalme Charles I. Mfalme alikatwa kichwa Januari 1649. Mwaka huohuo mwanawe, Charles II, akiwa uhamishoni bila kiti wala hazina, aliwatunukia wafuasi wake saba nchi yote iliyo kati ya mito Potomac na Rappahannock huko Virginia. Wadoeg na jamii nyingine zilizoishi humo hazikuulizwa.

Tunu hiyo ilikusanyika polepole katika ukoo wa Culpeper, kisha, mnamo 1690, binti Catherine Culpeper akaolewa na Lord Fairfax wa tano. Hivyo zawadi waliyopewa watiifu wa mfalme ikarithiwa na ukoo wa jemadari aliyemwangusha babake. Mwaka 1745 baraza la mfalme mjini London lilimthibitishia mtoto wa Catherine zaidi ya ekari milioni 5. Miaka 3 baadaye, George Washington, kijana wa miaka 16, alikuwa miongoni mwa waliokwenda kumpimia mashamba.

Msomaji wa Pwani haoni ugeni hapa. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai mwambaoni wayawasilishe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Wamijikenda wengi, waliojua mipaka yao kwa miembe na makaburi, hawakuwa na karatasi, na wajukuu wao wakaitwa maskwota kwenye mashamba ya babu zao.

Kwa hiyo anayepokea hati yake Herndon ana haki ya kuifurahia, maana ameitolea jasho. Lakini aisome akikumbuka kwamba mnyororo wa hati hizo ulianza na mfalme aliyegawa asichokuwa nacho, na kwamba nyumbani kwao wapo ambao hadi leo hawajapewa karatasi ya kile walichokuwa nacho.